Musa Mwariama: Jemadari wa Meru Ambaye Hakukamatwa

Mwanafunzi anayeifungua tamthilia ya Mzalendo Kimathi, iliyoandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Raphael Kahaso, humkuta Kimathi akiwa tayari ametiwa mbaroni. Vita vyake vya msituni vimekwisha. Vilivyobaki ni vita vya maneno na vya moyo, kizimbani na seli. Ndiyo maana darasani swali hili huulizwa mara kwa mara: je, viongozi wote wa Mau Mau waliishia kwenye pingu au kaburini? Hapakuwa na hata mmoja ambaye Mwingereza alimtafuta akamkosa?

Alikuwepo. Jina lake ni Musa Mwariama, mwana wa Meru, aliyepanda hadi cheo cha Fildi Mashali na kumaliza vita vile bila kuuawa wala kutekwa. Aliingia msituni Kenya ikiwa koloni; alitoka Kenya ikiwa inapandisha bendera yake. Katika sura hii tutayafuata maisha yake, kwa sababu swali linalomkabili Kimathi jukwaani kwa muda wa saa mbili lilimkabili Mwariama kwa miaka kumi hivi: je, mtu anaweza kusema ana amani katika nchi ambayo bunduki zote zimo mikononi mwa wageni?

Nchi aliyozaliwa

Mwariama alizaliwa mwaka wa 1928. Ili kuelewa maana ya mwaka huo, rudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1906 kikosi cha jeshi la kikoloni, King's African Rifles, kilitumwa kuwapiga Waembu waliokuwa wamekataa kutii amri za Waingereza. Watu waliuawa, mifugo ikatekwa, na mara baada ya hapo ngome ikajengwa. Ngome hiyo ndiyo iliyokua ikawa mji wa Embu. Miaka miwili baadaye, 1908, afisa Mwingereza aitwaye Edward Horne alianzisha kituo cha serikali mahali ulipo mji wa Meru leo. Wameru walimpa jina la Kangangi, na jina hilo bado linakumbukwa na wazee. Wameru hawakupigana naye. Walikuwa wamekwisha kusikia yaliyowapata majirani zao wa Embu, na mwenye macho haambiwi tazama.

Kwa hiyo utawala wa kikoloni katika eneo hili haukuanza shuleni, sokoni wala kanisani. Ulianza kwenye kambi ya askari. Mtoto aliyezaliwa Meru mwaka wa 1928 alilelewa na watu walioiona kambi hiyo ikijengwa. Walipomsimulia habari za zamani hawakumsimulia historia ya vitabuni, walimsimulia ujana wao.

Hata hivyo tusikosee tukadhani Meru ilikuwa sawa kabisa na Nyeri au Kiambu. Wakikuyu wa Kiambu walinyang'anywa mashamba mapema na kwa wingi. Wameru na Waembu walipoteza pia, hasa nyanda za juu za Timau ambazo ziligawiwa walowezi wa kulima ngano na kufuga, lakini sehemu kubwa ya ardhi yao ilibaki mikononi mwao. Zaidi ya hayo, katika miaka ya 1930 Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako serikali iliwaruhusu Waafrika kulima kahawa, zao ambalo walowezi walitaka kujiwekea wenyewe. Serikali ilitumia pia Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, ambalo maafisa wake walilitambua rasmi na kulipa nguvu ili liwe mkono wa utawala. Kipande, kodi ya kichwa na kazi za lazima vilikuwapo, bila shaka. Lakini mwananchi wa Meru wa mwaka wa 1950 alikuwa na sababu zake za kukaa kimya, na wengi walikaa. Ukilielewa hili utaona kwamba kwa kijana wa Meru kwenda msituni lilikuwa jambo la kuchagua, tena kuchagua kinyume cha wakubwa wa kwao.

Askari wanashuka kutoka angani

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la Hali ya Hatari. Usiku uo huo ndege zilikuwa zikitua Nairobi zikiwa zimebeba askari wa kikosi cha Lancashire Fusiliers kutoka Misri, na kabla ya kucha Jomo Kenyatta na wenzake wengi walikuwa wamekamatwa. Mwariama alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Vitabu vingi vya shule huharakisha hapa na kuanza kutaja mapigano. Ngoja kidogo. Jambo la kuzingatia ni kwamba jibu la kwanza la serikali kwa madai ya ardhi na uhuru lilikuwa jeshi la kigeni lililoletwa kwa ndege. Baadaye vilifuata vikosi vingine vya Uingereza na vya King's African Rifles, na vita vilipopamba moto wanajeshi walifika takriban 10,000, mbali na polisi na walinzi wa vijiji ambao watu waliwaita homugadi. Jenerali George Erskine aliletwa mwaka wa 1953 kuviongoza. Mwishoni mwa mwaka huo ndege kubwa za mabomu aina ya Lincoln zilianza kuipiga misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya. Mlima ambao Wakikuyu, Waembu na Wameru waliuheshimu kama makao ya Mungu ukawa shabaha ya mabomu.

Kijijini hali ilikuwa ngumu vilevile. Kuanzia mwaka wa 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kutoka kwenye boma zao na kurundikwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa miiba na mitaro, vikilindwa na bunduki. Kutoka nje kulikuwa kwa saa maalum. Wanawake walilazimishwa kuchimba handaki refu kando ya msitu wa Mlima Kenya, likapandwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa, ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Tarehe 24 Aprili 1954, katika msako mkubwa wa Nairobi ulioitwa Operesheni Anvil, ilitosha mtu kuwa Mkikuyu, Mwembu au Mmeru ili apakiwe kwenye lori kupelekwa kuchujwa. Maelfu waliishia Manyani na Mackinnon Road. Wengine walipelekwa kambi za Mwea, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu, na huko mahabusu walichimba mifereji ya mradi wa maji. Mpunga wa Mwea tunaoupenda leo hukua katika udongo ambao sehemu yake ilichimbwa chini ya bakora.

Serikali iliyaita haya yote kurejesha amani. Hapo ndipo neno lenyewe linapogombaniwa, na ni vizuri ulitazame kwa makini unapoisoma tamthilia. Upande mmoja unasema amani ni watu kutulia. Upande wa pili unauliza wametulizwa na nani, na kwa nini aliyewatuliza hatoki. Mwariama alikuwa wa upande wa pili.

Majaribu ya msituni

Wapiganaji wa Mlima Kenya waliongozwa kwanza na Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China, aliyekuwa amepigana Burma katika jeshi la Mwingereza. Embu ilimtoa Jenerali Kubu Kubu, ambaye alikufa vitani na ambaye jina lake bado linatajwa kwa heshima mjini Embu. Upande wa Meru walijitokeza Mwariama na Baimungi, na wote wawili wakaja kuitwa Mafildi Mashali.

Maisha yao hayakuwa ya fahari. Baridi ya mlimani ni kali, na moto wa mchana huonyesha moshi. Walitegemea mitego, asali, mizizi, na chakula kilichopitishwa kwa siri na wanawake ambao wakikamatwa walilipa kwa maisha yao. Nguo zilipochanika walivaa ngozi za wanyama. Nywele zilisokotana zikawa rasta, kwa kuwa msituni hakuna kinyozi, na baadaye nywele hizo zikageuka alama: asiyezikata alikuwa bado vitani. Silaha zilikuwa chache. Bunduki nyingi zilitengenezwa kwa vipande vya bomba la maji na komeo la mlango, na wakati mwingine zilimlipukia aliyezishika.

Sasa fikiria majaribu. Katika tamthilia, Kimathi akiwa seli anajiwa na wageni mmoja baada ya mwingine, mwenye benki, mfanyabiashara, mwanasiasa, kasisi, na kila mmoja anamletea sababu nzuri ya kukata tamaa. Waandishi wameyakusanya majaribu hayo mahali pamoja kwa sababu jukwaa ni dogo. Msituni yalitawanyika katika miaka, na hayakuvaa suti.

La kwanza lilikuja Agosti 1953, Jenerali Erskine alipotangaza kwamba mpiganaji atakayetoka akipunga tawi la kijani hatapigwa risasi papo hapo. Wachache walitoka. La pili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu lilitoka kwa ndugu. Jenerali China alijeruhiwa na kukamatwa tarehe 15 Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa, kisha akakubali kuwaandikia barua wenzake walioko mlimani ili wazungumze na serikali. Mazungumzo yalivunjika mwezi wa Aprili milio ya bunduki iliposikika karibu na mahali wapiganaji walipokusanyika, na waliobaki wakarudi vichakani wakiwa na shaka mpya juu ya kila ujumbe. China hakunyongwa, alifungwa Lokitaung pamoja na Kenyatta, na huko Kenyatta akamfundisha Kiingereza. La tatu lilishuka kutoka angani, Januari 1955: karatasi zilizomwagwa na ndege, na sauti za vipaza sauti zikinguruma juu ya miti, zikiahidi kwamba atakayejisalimisha hatanyongwa. Ahadi hiyo iliondolewa Julai mwaka huohuo.

Mwariama hakuchukua tawi, hakufuata barua wala karatasi. Tunaweza kusema alikuwa mkaidi, na labda alikuwa. Lakini tazama hesabu ya vita vile. Serikali iliwanyonga watu 1,090, wengi kwa makosa ya kulisha kiapo, kuwa na risasi au kukutwa pamoja na wapiganaji. Walowezi waliouawa katika miaka yote ya Hali ya Hatari walikuwa 32. Mtu anayeambiwa aiamini huruma ya mahakama kama hizo ana haki ya kusita.

Haina maana kwamba Mau Mau walikuwa malaika. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 familia za walinzi wa kijiji cha Lari ziliteketezwa ndani ya nyumba zao, wanawake na watoto wakiwemo, na mwanafunzi mkweli hawezi kulificha hilo. Katika Meru vita vilipita katikati ya nyumba. Njuri Ncheke ilitumika kuwatakasa waliokula kiapo na kuwageuza, na vijana wengi wa Meru walibeba bunduki za serikali dhidi ya vijana wenzao. Jeshi la kigeni linapokaa mahali kwa muda, halipigani peke yake. Hutafuta wenyeji wa kulipigania, na likiondoka huacha majirani wasiosalimiana. Jambo hili lilikuwa kidonda huko Meru na Embu kwa miaka mingi baada ya risasi ya mwisho.

Tarehe 21 Oktoba 1956 Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa. Mashtaka yake mjini Nyeri yalikuwa ya kupatikana na bastola na risasi, na alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwezi wa Novemba 1956 jeshi la Uingereza lilikuwa tayari limeondolewa katika operesheni na kazi kuachiwa polisi. Kwa vitabu vya serikali, vita vilikwisha hapo.

Kwa Mwariama havikwisha. Huu ndio wakati ninaouona kuwa mzito kuliko wote katika maisha yake, ingawa hauna vita vikubwa vya kusimulia. Kimathi alikuwa amekufa, China alikuwa gerezani, wengi walikuwa wamekufa njaa au wamegeuzwa na kurudishwa msituni kuwawinda wenzao wa jana. Nje ya msitu siasa ziliendelea bila wao. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Watu walianza kuvaa suti na kwenda London kuzungumzia katiba. Mwariama na wenzake walibaki mlimani miaka saba baada ya kukamatwa kwa Kimathi. Kijana aliyeanza vita akiwa na miaka ishirini na kitu sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitano.

Kwa nini hawakutoka 1960, wakati hatari ilipotangazwa kuwa imekwisha? Bendera iliyopepea ilikuwa ya Uingereza, na bunduki zilikuwa zake. Siyo hivyo tu: katika miaka hiyohiyo Waingereza walikuwa wakijenga kambi kubwa na ya gharama huko Kahawa, karibu na Nairobi, ili Kenya iwe kituo cha majeshi yao katika Bahari ya Hindi. Wanasiasa wa Kiafrika waliipinga kambi hiyo wakisema nchi huru haiwi gati la majeshi ya mwingine. Msimamo wa watu wa mlimani na wa watu wa mabarazani, kwa jambo hili moja, ulikuwa umekutana.

Disemba 1963

Uhuru ulikuja usiku wa kuamkia tarehe 12 Disemba 1963, na ndipo wapiganaji wakaanza kutoka. Huko Nyeri mamia yao waliingia uwanja wa Ruring'u wakiwa na ngozi zao, rasta zao na bunduki zao za kutengeneza, wakakabidhi silaha mbele ya umati. Miongoni mwa waliotoka upande wa Nyeri alikuwa Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia naye cheo cha Fildi Mashali na ambaye hakukamatwa. Rasta zake alizihifadhi hadi mwaka wa 2022.

Mwariama alikutana na Kenyatta mwenyewe. Picha yao ipo na imechapishwa mara nyingi: Kenyatta, mzee wa mji, na kando yake mtu wa msituni mwenye nywele zilizosokotana. Mwalimu anaweza kuitumia picha hiyo darasani kwa somo zima. Mmoja wao alikaa gerezani na kizuizini karibu miaka tisa kwa kosa la kuongoza Mau Mau, jambo alilolikana mahakamani Kapenguria. Mwingine aliongoza Mau Mau kwelikweli na hakukaa gerezani hata siku moja katika vita vyote. Sasa wa kwanza ni mkuu wa serikali, na wa pili amekuja kumwamkia.

Je, walikuwa wamepigania kitu kimoja? Hapa wanahistoria hawakubaliani, na mtahiniwa mzuri hataharakisha kujibu. Kenyatta alitaka nchi isahau yaliyopita, walinzi wa vijiji na wapiganaji wakae meza moja, walowezi wabaki. Kwa upande mmoja hiyo ilikuwa busara, kwa kuwa Meru na Embu hazingestahimili msimu wa kulipizana kisasi. Kwa upande mwingine, waliotoka msituni walikuta mashamba, shule na ofisi vimeshikwa na watoto wa waliokuwa homugadi, kwa sababu hao ndio waliokuwa na nafasi ya kusoma na kulima wakati wa vita.

Kuhusu majeshi ya kigeni, jambo la ajabu lilitokea wiki sita tu baada ya uhuru. Tarehe 24 Januari 1964 wanajeshi Wakenya wa kambi ya Lanet, karibu na Nakuru, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maafisa Waingereza waliokuwa bado wakiwaamuru. Tanganyika na Uganda zilikuwa zimepata maasi kama hayo siku hizohizo. Serikali ya Kenya iliwaita askari wa Uingereza, ambao walikuwa hawajaondoka, nao wakayazima maasi. Serikali iliyozaliwa kwa kupinga bunduki za Mwingereza ilikuwa imeokolewa na bunduki za Mwingereza. Huwezi kuyaelewa mahusiano ya nchi hizi mbili bila siku hiyo.

Kisha pande zote mbili zilipata sehemu ya walichotaka. Vikosi vya Uingereza viliondoka Kenya kufikia mwisho wa 1964, na kambi ya Kahawa ikakabidhiwa serikali, ambayo mwaka wa 1965 iliigeuza kuwa Chuo cha Kenyatta. Leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwanafunzi anayelala katika mabweni yake ya zamani amelala mahali palipojengwa kwa ajili ya askari. Lakini mapatano ya 1964 yaliruhusu pia wanajeshi wa Uingereza kuja kufanya mazoezi, na mpaka leo wanakuja. Makao yao yako Nanyuki, mwendo mfupi tu kutoka Timau, na mwaka wa 2021 kambi mpya ya Nyati ilifunguliwa huko. Mwaka huohuo moto ulizuka Lolldaiga wakati wa mazoezi yao ukateketeza sehemu kubwa ya nyika, na wakazi wakaenda mahakamani kudai fidia. Bungeni mjadala kuhusu mkataba huo hurudi kila unapokaribia kufanywa upya. Baadhi ya wabunge husema wageni hao huleta kazi na mafunzo. Wengine huuliza swali lilelile la mlimani: mgeni mwenye bunduki hushtakiwa na nani akikosa?

Ndugu wawili, njia mbili

Wapo ambao Disemba 1963 haikuwatosha. Baimungi, mwenzake Mwariama kutoka Meru, alitoka msituni lakini aliona ahadi za ardhi hazitimizwi, akarudi na wafuasi wake mlimani. Sasa aliyemfuata hakuwa Mwingereza. Januari 1965 vikosi vya serikali ya Kenya vilimuua, na mwili wake ukaanikwa hadharani ili watu waone, kama mkoloni alivyokuwa akifanya na miili ya wapiganaji.

Linganisha watu hawa wawili na utapata mojawapo ya maswali magumu yanayozungukwa na Mzalendo Kimathi, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza kwa Kiingereza mwaka wa 1976, wakati wasomaji wengi walikuwa wakijiuliza uhuru umewanufaisha nani. Mwariama alikubali kwamba askari wa kigeni wakiondoka na bendera ikibadilika, mpiganaji ana wajibu wa kuweka bunduki chini, hata kama hajapata yote. Baimungi hakukubali, kwake uhuru bila shamba ulikuwa jina tu. Ni rahisi kumwita mmoja msaliti na mwingine shujaa, au mmoja mwenye busara na mwingine mkorofi. Jibu la namna hiyo halitakupatia alama nyingi. Angalia badala yake kile ambacho kila mmoja alikiona. Mwariama aliona hatari ya vita vya wenyewe kwa wenyewe katika nchi ambayo tayari ilikuwa imegawanyika nyumba kwa nyumba. Baimungi aliona kwamba mlango ukifungwa mwanzoni, haufunguliwi baadaye kwa maombi. Yaliyofuata yaliwapa wote wawili haki kwa kiasi fulani.

Mwariama aliishi robo karne baada ya uhuru. Hakuwa waziri. Aliyekuwa waziri wa ardhi katika serikali ya kwanza alikuwa Mmeru mwingine, Jackson Angaine, ambaye hakuwa mtu wa msituni. Sikukuu ya Oktoba iliitwa Siku ya Kenyatta. Haikuwa na nafasi kubwa kwa watu wenye rasta. Ni Katiba ya 2010 iliyoibadilisha ikawa Siku ya Mashujaa. Nayo serikali ya Uingereza ilikiri bungeni mwaka wa 2013 kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wake, ikakubali kuwalipa zaidi ya wazee 5,200 pauni milioni 19.9, kiasi ambacho hakikufika hata pauni 4,000 kwa kila mmoja.

Hayo yote hakuyaona. Musa Mwariama alifariki mwaka wa 1989. Amri ya kikoloni ya mwaka wa 1950 iliyopiga marufuku Mau Mau ilikuwa bado katika sheria za Kenya, kwa hiyo jemadari ambaye Waingereza hawakumpata alizikwa akiwa mwanachama wa chama haramu katika nchi aliyoipigania. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka wa 2003.